Tabaini ya upepo Kigamboni inatetemesha nyumba nzima, nifunge raba gani?

Mkaazi wa Mbutu
Wakuu habari za jioni. Niko Kigamboni huku karibu na bahari, nina tabaini ndogo ya wati 600, mapanga matatu, bomba lake limefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba cha juu, inasaidiana na sola kuchaji betri za volti 24. Umeme unaingia vizuri hasa kipindi hiki cha kusi, shida ni kelele. Upepo mdogo hamna kitu, ukiwa mkali nao afadhali, ila hapo katikati nyumba yote inavuma vuuum, vyombo kabatini vinalia, mama mkwe kalala usiku mmoja kahamia kwa shemeji. Afu kuna usiku inabadilika inapiga mluzi kama inataka kuondoka na bati. Nataka niweke raba kati ya braketi na ukuta, ipi inafaa na Kariakoo naipata wapi?

Fundi Mota
Nenda Gerezani kwenye spea za magari, chukua mauntini nne used, zile raba zinazoshika injini ya gari, maliza kazi. Ila bolti zivalishe bushi kaka, yaani vipete vya raba, chuma kikigusa chuma hata sehemu moja tu hizo raba ni pambo.

Dada Beringi
Hilo la bushi Fundi kasema kweli, mauntini hapana. Ile raba imetengenezwa kubeba injini ya kilo mia na zaidi, ukiipa mtambo wa kilo kumi na kitu inakuwa ngumu kama jiwe, haizuii kitu. Na ukienda kwenye raba laini sana bila hesabu unaweza kuongeza tatizo, maana raba inaanza kusaidia pale mtetemo unapozidi kama mara 1.4 ya kasi ambayo huo mtambo ukiwa juu ya raba unapenda kucheza wenyewe, chini ya hapo inauzidisha.

Mkaazi, jibu umelitoa mwenyewe uliposema "hapo katikati". Bomba lina kasi yake linayopenda kutikisika. Chukua mfano tabaini inazunguka mara 300 kwa dakika, hiyo ni mara 5 kwa sekunde, na mapanga matatu yanapita mbele ya bomba mara 15 kwa sekunde. Moja ya namba hizo ikikutana na kasi ya bomba au ya ukuta ndo hiyo vuuum, upepo ukizidi inapita inatulia. Kwahiyo kabla ya kutoa hela shusha mapanga uyapime, kila moja uzito wake na sehemu linapobalansi, maana panga zito likiwa moja tu linavuta bomba kila mzunguko. Angalia pia ncha zote zinapita umbali uleule kutoka kwenye bomba. Na beringi, chumvi ya huko haina huruma, zungusha kwa mkono, ukisikia mchanga badilisha, weka zenye sili pande zote mbili.

Jua na Pepo
Huo mluzi wa usiku ni kesi nyingine kabisa. Sola imeshajaza betri mchana, usiku upepo ukija chaji kontrola, yaani kifaa kinachozuia betri zisijae kupita kiasi, inakata, tabaini inabaki haina mzigo inakimbia ovyo. Kama umetumia kontrola ya sola ya kawaida ndo yenyewe hiyo, sola ukiikata inatulia tu ila tabaini ukiikata inachizi. Unatakiwa kontrola ya upepo yenye rizista kubwa ya kumwagia umeme unaozidi. Hii usiichukulie poa, mapanga yanaweza kukatika. Na usikimbilie kuunganisha pamoja waya zote tatu zinazotoka kwenye tabaini ili kuifungia breki ikiwa inakimbia, utaunguza koili, subiri upepo upungue.

Mkaazi wa Mbutu
Asanteni sana. Kontrola kweli ni ya sola, fundi aliyefunga alisema zote sawa. Mapanga nimeyapima leo asubuhi upepo ukiwa umelala, moja limezidi wenzake gramu 11. Nilikwangue?

Dada Beringi
Usilikwangue utaharibu umbo. Hayo mawili mepesi yaongezee vile vipande vya risasi vya kubalansi tairi, gramu 11 kila moja palepale linapobalansi, au gramu 22 ukiziweka nusu ya umbali huo kutoka katikati, ndo salama zaidi. Zifunge kwa bolti ndogo, gundi peke yake zitaruka zikamkute mtu.

Halafu itoe ukutani. Hata raba iwe nzuri vipi, ukuta wa tofali ni spika, na upepo unaogonga paa unapanda umevurugika, unapiga mapanga kila upande. Kipimo cha kawaida ni mapanga yawe mita 9 juu ya kitu chochote kilichopo ndani ya mita kama 100. Zile tabaini tatu kubwa za mradi wa umeme wa Mwenga kule Mufindi hazijaegemezwa kwenye nyumba ya mtu.

Fundi Mota
Dada umenipa shule. Mkaazi nguzo ya kusimama chini naweza kukuchomea, stei nne, yaani waya za kuishikilia isianguke, kitako chenye bawaba ili uilaze ukitaka kubadili beringi. Ila huko mchanga mtupu, nanga za stei tutachimba chini na zege la maana, na waya zisikazwe kama gitaa maana nazo zinaimba. Kiwanja chako kina nafasi ya kuilaza bila kugonga tenki la maji?