Tupeane uzoefu: ulipokauka kiroho, nini kilikurudisha kwenye maombi?

Mzee wa Usharika
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi usiku nafunga geti, mwanangu wa darasa la tatu kanishikia tochi, mara akaniuliza, "Baba, wewe huwa unaomba saa ngapi? Mama namwonaga." Nikamwambia akalale.

Mimi ni mzee wa kanisa KKKT (la Kilutheri) mwaka wa sita huu. Nahesabu sadaka, nasoma matangazo, kwenye msiba nafungua kwa sala na watu wanaitika amina. Ila mimi na Mungu wangu wawili tu, sikumbuki ni lini. Waliopita hapa, mlitokaje? Naomba mliyoyaishi wenyewe. Mahubiri ninayo ya kutosha.

Mama Lishe Mabibo
Shikamoo mzee. Mimi nilianzia kwenye ungo. Saa kumi na moja alfajiri nachambua mchele wa wateja, kilo nane. Zamani nilikuwa nachambua huku nasikiliza umbea wa simu. Siku moja chaji ikaisha, kukawa kimya, nikajikuta kila jiwe ninalotoa namtaja mtu. Hili la mdogo wangu aliyeacha shule, hili la mteja anayenitolea maneno kila siku. Mchele wa Kyela una mawe machache, ule mwingine unaombea ukoo mzima. Sasa ni mwaka wa tatu. Simu naiacha chumbani mpaka wali uive.

Fundi Cherehani
Hapo kwenye simu umenigusa.

Mwana wa Rangi Tatu
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, maombi yangu yako kwenye daladala. Nikipata siti Rangi Tatu, natoa Rozari mfukoni, natembeza punje kwa kidole gumba bila mtu kuona. Kwa foleni ile, tukifika Mtoni kwa Aziz Ali matendo yote matano (matukio ya Yesu na Mama yake tunayoyatafakari) nimemaliza. Alhamisi ndiyo siku yangu, Matendo ya Mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Kwenye arusi ya Kana huwa naiombea ndoa yangu, nayo ilishaishiwa divai mara mbili.

Moto wa Asubuhi
Mpendwa, sikuhukumu, lakini Mathayo 6:7 imekataza kupayuka-payuka. Kurudia maneno yaleyale mara hamsini si maombi. Amka saa tisa usiku, piga magoti, nena na Mungu wako mpaka jasho likutoke.

Mwana wa Rangi Tatu
Fungua Zaburi 136 uhesabu. Mistari 26, na kila mmoja unaishia na fadhili zake ni za milele. Mara 26! Naye aliyeiandika alikuwa anapayuka?

Katekista Mstaafu
Vijana, tulieni. Kwetu Wakatoliki wengi waliokauka walirudishwa na jumuiya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, wa umoja wa AMECEA, walizitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo kwenye mkutano wao wa mwaka 1976, na mimi nimeziona zikikua. Jumamosi asubuhi tunasali nyumbani kwa mtu, viti vya kuazima, mtoto analia. Usipofika mara mbili, mara ya tatu tunakuja kwako. Mtu mkavu hawezi kujipikia. Apelekewe.

Mama Wawili
Nimelipita swali hili tangu jana nikijifanya sijaliona. Leo niseme.

Mimi nina sukari, ya sindano, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka juzi, kwenye kanisa nililolihama (jina silitaji), tulitangaziwa funga ya Esta, siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Nilikuwa na haja nzito: mume alikuwa ameondoka. Nikamwuliza kiongozi, mimi na sindano zangu nifanyeje? Akasema, imani yako ndiyo itakayojibu. Dawa sikuziacha kwa sababu niliogopa. Nikawa najidunga kwa siri chooni, halafu narudi kufunga. Fikirini. Insulini imeingia, tumboni hamna kitu.

Siku ya pili jioni, kwenye mstari wa kuwekewa mikono, jasho likaanza kunitiririka mpaka kitenge kikagandana na mgongo. Mikono inatetemeka. Nikataka kusema "nipeni maji", ulimi ukakataa. Nikaanguka. Wakasema pepo limelipuka! Wakaanza kukemea. Nilikuwa nawasikia "toka! toka!" kwa mbali, kama watu walio ng'ambo ya mto. Baada ya hapo sijui.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, bodaboda, alikuja kunichukua akakuta nimelala sakafuni wamenizunguka. Akapiga kelele, huyu ana sukari! Hospitali kipimo kikasoma 1.9. Wakaniwekea dripu ya sukari nikafumbua macho. Wiki ile ile nikaletewa ujumbe kwamba nilianguka kwa sababu nilimficha Mungu zile sindano.

Ndugu zangu, miezi minane sikuomba. Nikisikia mtu anasema "Baba katika jina la..." moyo unanienda mbio, natoka nje. Wanangu wawili wanaombea chakula, mimi naangalia sahani.

Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima sana, alikuwa ananiletea uji wa ulezi. Hakunihubiria hata siku moja. Jioni moja akasema, leo nikusomee kidogo. Nikajua ni ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu. Akasoma Zaburi 88. Kama hamwijui, kaisomeni: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina shangwe mwishoni. Akafunga Biblia, akaosha kikombe, akaaga. Usiku ule nikasema, "Mungu, nimekukasirikia." Maneno hayo tu. Nikalala mpaka asubuhi. Ndiyo yalikuwa maombi yangu ya kwanza.

Fundi Cherehani
Mama, nimeacha cherehani. Pole sana.

Moto wa Asubuhi
Pole dada yangu. Ila tusitumie kisa kimoja kuwachafua watumishi. Kufunga ni agizo. Esta alifunga na taifa likapona.

Muuguzi Kijijini
Esta hakuwa na insulini mwilini. Nyamaza kidogo unisikilize, maana kuna mtu anasoma hapa na wiki ijayo anataka kufunga. Insulini kazi yake ni kushusha sukari. Usipokula, inashusha ile kidogo iliyobaki. Chini ya 4 tayari ni hatari. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hizo ni dalili, siyo pepo. Akiwa bado anaelewa na anameza, mpe maji ya sukari au soda haraka. Akishazimia usimmwagie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Mwenye sukari, mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ongea na daktari kabla ya kufunga. Isaya 58 nayo ni funga: mgawie mwenye njaa chakula chako.

Moto wa Asubuhi
Hilo la dawa sikulijua. Mama Wawili, nisamehe nilivyokujibu.

Yaya wa Muscat
Salamu kutoka Oman. Huku ibada kubwa ni Ijumaa, lakini mimi Ijumaa ndiyo siku ya wageni nyumbani kwa bosi, sitoki. Kanisa langu ni juu ya dari ninapoanika nguo. Kila nguo ya mtoto wa hapa naiombea, halafu nawaombea wa kwangu walioko Tanga kwa bibi yao. Dakika kumi. Jua kali, siwezi kuzidisha.

Mwalimu wa Zamu
Mzee, usianze na saa tisa usiku, utashindwa siku ya nne. Anza kwa kulala. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimwamsha ale, akalala tena, akamwamsha ale mara ya pili. Safari ya Horebu ikafuata.

Moto wa Asubuhi
Mimi bado nasema saa tisa. Ilinitoa kwenye pombe.

Mzee wa Usharika
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana nilitafuta Katekisimo Ndogo ya Luther niliyokaririshwa kipaimara. Sala ya jioni ni fupi kuliko nilivyokumbuka, na ukiimaliza anakuagiza ulale mara moja kwa furaha. Nikamwita mwanangu aje asome, mimi nifuatishe, maana miwani yangu ilikuwa kwenye gari. Alikwama kwenye neno moja, tukalisoma kwa silabi.

Mama Wawili, sukari asubuhi hii ikoje?

Mama Wawili
6.2. Nimeshakunywa uji.