Mjadala: Kiongozi akijifungia kutafakari, kamera zinafuata nini?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hili jambo linanikaa kichwani tangu 2024, leo nalitua hapa tulijadili.

Mei mwaka huo nilikuwa Chennai, namuuguza mjomba aliyepasuliwa moyo. Ukumbi wa kusubiria pale hospitali ulikuwa na televisheni moja, imetundikwa juu karibu na dari, na kwa siku mbili ilikuwa inarudia kitu kilekile: Waziri Mkuu Narendra Modi amekaa kwenye mwamba wa Vivekananda, uliopewa jina la mtawa wa Kihindu, pale Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India bara. Kavaa nguo za rangi ya zafarani, macho kayafumba, tasbihi mkononi. Saa 45, kuanzia jioni ya Mei 30 hadi Juni 1. Kampeni zilikuwa zimeshafungwa, na awamu ya mwisho ya kura, pamoja na jimbo lake la Varanasi, ilikuwa hiyohiyo Juni 1. Wapinzani wakaenda Tume ya Uchaguzi kulalamika kwamba hiyo ni kampeni ya mlango wa uani.

Nesi mmoja akapita na kitoroli cha dawa, akatazama juu, akacheka. "Sisi huku tulishapiga kura Aprili. Hizo picha ni za watu wa kaskazini." Na kweli, matokeo yalipotoka, chama cha Modi, BJP, hakikuambulia hata kiti kimoja kati ya 39 vya Tamil Nadu, jimbo lenye mwamba wenyewe.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kubeza kutafakari. Nilishawahi kukaa kozi ya vipassana, yaani kutafakari kwa ukimya, ya siku kumi. Simu unaikabidhi mapokezi, kengele inalia saa kumi alfajiri, hakuna kuongea, hata kutazamana machoni hairuhusiwi. Chakula cha mchana saa tano, baada ya hapo ni chai na tunda jioni, basi. Kuanzia siku ya nne unakaa saa nzima bila kunyoosha hata kidole. Magoti yaliwaka moto, na katikati ya moto huo akanijia kaka yangu, ambaye tulikuwa hatujasemeshana miaka sita. Nililia kama mtoto.

Nilipotoka nikampigia, yuko Morogoro. Nikamwomba radhi kwa yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ahsante, mdogo wangu. Na lile shamba?"

Sikuwa na jibu. Moyo nilikuwa nimeusafisha, hati iko kabatini kwangu.

Tangu siku hiyo nikisoma siasa za India naona shamba la kaka kila mahali. Kiswahili chetu kinasema "kujitawala" kwa nchi na kwa nafsi, na neno lao swaraj Gandhi alilitumia vilevile: asiyeitawala nafsi yake hawezi kumfukuza Mwingereza. Ni wazo zuri, limewatembeza watu mpaka baharini kuchota chumvi mwaka 1930. Lakini mwaka 1932 Waingereza walipotaka kuwapa "wasioguswa", watu wa tabaka la chini kabisa kwa Wahindu, haki ya kuchagua wabunge wao peke yao, Gandhi, akiwa gereza la Yerwada, alitangaza kufunga hadi kufa kupinga. Alisema anaiamsha dhamiri ya Wahindu. Aliyebanwa koo lakini ni B. R. Ambedkar, mwenyewe mtoto wa hao wasioguswa. Gandhi akifia gerezani, nani angewalinda watu wake huko vijijini? Mfungo ulianza Septemba 20, tarehe 24 Ambedkar akasaini makubaliano ya kuiacha haki hiyo.

Swali langu: utakaso wa nafsi ya kiongozi ni kitu cha kuwekwa mezani kwenye siasa, au abaki nao chumbani kwake? Mimi nasema abaki nao chumbani. Karibuni mnichape.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, unamwonea. Modi hakuanza juzi. 2019 alikwenda kutafakari kwenye pango kule Kedarnath, vilevile mwishoni mwa uchaguzi. Mwaka ule chama kilipata viti 303. 2024 kikapata 240, wakati wingi wa bunge ni 272, ikabidi washike mikono ya vyama vingine. Kama ile tasbihi ni hirizi ya kura, mbona iligoma? Tena hekalu la Ram pale Ayodhya alilizindua mwenyewe Januari 22, 2024, kwenye eneo ulipokuwa msikiti wa Babri uliobomolewa 1992. Miezi minne baadaye jimbo la Faizabad, lenye Ayodhya ndani yake, likaenda kwa upinzani. Mpiga kura wa kule anajua kutofautisha ibada na bei ya vitunguu. Mwacheni mzee afumbe macho yake.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi ni Mhindu wa Mombasa, ukoo wetu umetoka Gujarat, kwa hiyo hili kwangu si la magazetini. Bibi yangu alikuwa akiamka alfajiri, anawasha taa yake ya samli mbele ya miungu, anamaliza, anakwenda kukanda unga wa chapati. Hakuna aliyemuuliza ni wa chama gani. Leo nikitandika mkeka wangu wa yoga, rafiki wa kushoto ananiona mfuasi wa Modi, na mjomba wa kulia anafurahi kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili wameniibia kitu.

Siku ya yoga ya Juni 21 ilipitishwa Umoja wa Mataifa 2014 kwa kuungwa mkono na nchi 177, na hilo naliona zuri. Tatizo langu ni bango lenye sura ya mtu mmoja.

Na msiseme ni BJP tu. Arvind Kejriwal wa upinzani, akiwa kiongozi wa serikali ya Delhi, Desemba 2023 aliitwa kuhojiwa na wachunguzi wa fedha haramu, akaenda Punjab kwenye hiyohiyo vipassana ya mleta mada. Alisema safari ilipangwa zamani. Huenda. Machi 2024 wakamkamata.

Mchangiaji, Kampala

Mleta mada, kwa Gandhi umeruka hesabu. Mpango wa Waingereza uliwapa wasioguswa viti 71. Baada ya mfungo na yale makubaliano ya Poona wakapata 148. Zaidi ya mara mbili! Visima na mahekalu kadhaa walikokuwa wakizuiwa yakafunguliwa kwao wiki zilezile. Huo ndio mfungo uliowaonea?

Mleta mada

Hesabu yako ni sahihi, na ningepaswa kuitaja. Lakini vile 71 walichagua wao wenyewe. Vile 148 mwishowe walichaguliwa na wapiga kura wote, ambao wengi wao ni walewale waliokuwa wakiwafukuza kisimani. Mbunge humwangalia aliyempa kiti. Sisi wa Tanzania wenye viti maalumu tunaijua hiyo.

Ambedkar naye hakuwa mkavu wa roho. Oktoba 14, 1956 aliingia Ubudha pale Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Ila tazama mpangilio: kwanza alisimamia uandishi wa katiba, ibara ya 17 ikafuta kabisa mambo ya kutogusana. Hati ilitoka kabatini kwanza.

Dada wa Mombasa, kwako sina ubishi. Kuhusu bango, nakuunga mkono moja kwa moja.

Mchangiaji, Dodoma

Haya, siasa za Wahindi tumeelewa. Shamba la kaka ulirudisha?

Mleta mada

Ekari mbili. Tatu nilishaziuza kabla sijajua hata kukunja miguu. Namlipa kidogo kidogo, ya mwezi huu bado.