Mrejesho: Fani ya mawasiliano na programu zenye nafasi chache

Wakuu, niliwauliza kama niombe fani ya uhusiano wa umma, ambayo katika chuo ninachosoma hapa Marekani hupokea wanafunzi wachache, au nibaki na masomo ya jumla ya mawasiliano yaliyo wazi kwa wote.

Mshauri wa masomo amethibitisha mliyoyadokeza: kudahiliwa chuoni si kudahiliwa katika fani, kwani mwanafunzi humaliza kwanza kozi za msingi, kisha huomba upya kwa alama, insha na pengine sampuli za kazi zake. Kiwango cha chini, tuseme wastani wa 3.0 kati ya 4.0, humpa mtu ruhusa ya kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, mwenye 3.0 anaweza kuachwa. Sioni hila hapo, maana studio na wahadhiri wa kusahihisha kazi moja moja havitoshi kwa mamia.

Nimeamua kuomba uhusiano wa umma, huku nikichukua kozi zinazohesabiwa katika fani zote mbili, hususan uandishi na mbinu za utafiti, ili nikikosa nafasi nisipoteze mwaka. Aliyenisihi nisome orodha ya kozi za mwaka wa 3 na wa 4 amenifaa kuliko wote: ndimo nilimoona kampeni za wateja halisi upande wa uhusiano wa umma, na nadharia tele upande wa mawasiliano ya jumla.