Mjadala: Je, mkazi asiyehudhuria mikutano ya mtaa anyimwe barua ya utambulisho?

Mtoa hoja, Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Kusini, naleta hoja ambayo imeanza kuwagawa watu katika mtaa ninaoishi. Mtaa wenyewe sitautaja, kwa sababu wenzangu wa mitaa mingine wananiambia kwamba hata kwao mambo ni yale yale. Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, mama anayekaanga pweza na mihogo karibu na kituo cha bajaji, kwenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Yeye na wenzake wanne wameunda kikundi ili waombe ile mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na kila mmoja wao alitakiwa athibitishwe na mtaa anakoishi. Aliyetupokea hakumuuliza jina la baba wala namba ya nyumba. Alivuta droo, akatoa daftari lenye jalada gumu, akateremsha kidole kwenye orodha ya majina mpaka alipolikuta la mama huyu, kisha akaligeuza daftari ili tujisomee wenyewe. Mbele ya jina palikuwa na visanduku vitupu: cha ulinzi shirikishi, cha choo cha shule, na cha tatu kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu, "mahudhurio".

"Mama, wewe hapa mtaani hatukujui," akasema, na kidole bado kiko juu ya jina lake.

Muhuri ulikuwa pale pale mezani, juu ya kidau cha wino.

Msimamo wangu nauweka wazi ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Barua ya utambulisho ni maelezo ya jambo la kweli, kwamba fulani anaishi hapa, na ukweli huo haubadiliki kwa sababu fulani hakuchanga au hakuja mkutanoni. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya namna hiyo. Sasa mchango unaoitwa wa hiari, ukishadaiwa kwa kumshikia mtu muhuri, kwa maoni yangu umekwisha kuwa kodi, tena isiyo na sheria nyuma yake. Aidha nasema kwamba watu wameikimbia mikutano si kwa uvivu, bali kwa kuwa wanaitwa kuambiwa cha kutoa na hawasomewi mapato na matumizi ya walichokwisha kutoa.

Mjumbe mstaafu wa kamati ya mtaa

Mwanangu, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa upande ule wa pili wa meza. Nimekuwa mjumbe kwa vipindi viwili. Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara. Mwenye mshahara ni mtendaji, na mwenyekiti anategemea posho ambayo ikija anashukuru na isipokuja hana wa kumdai. Tunaazima mabenchi, tunakodi kipaza sauti kipitishwe kwa bodaboda tangu jana yake, na siku ya mkutano wanafika watu thelathini, wale wale wa mkutano uliopita. Yule ambaye hatujamwona mwaka mzima ndiye anayegonga mlango saa sita za usiku kwamba kijana wake yuko kituoni na anahitaji barua ya dhamana.

Unasema barua inaeleza tu kwamba mtu anaishi hapa. Isome tena. Barua zetu zinasema "ninamfahamu". Nikishaweka sahihi yangu chini ya neno hilo, na huyo kijana akatoroka dhamana, askari hawamfuati aliyeniomba barua, wananifuata mimi niliyesema namfahamu. Nitamfahamuje mtu ambaye hakuwahi kuja mahali ambapo watu wa mtaa hufahamiana? Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hawakusema hivyo kwa ubaya.

Lipo pia la elimu bila malipo. Ilipoanza Januari 2016, walimu wakuu wakakatazwa kudai michango na wengi wakaelewa kwamba hata dawati na choo vitashuka kutoka mbinguni. Choo cha shule yetu kilichimbwa na watu, na waliochanga walikuwa wachache kuliko watoto wanaokitumia. Ninakubali kwamba barua ya matibabu au ya msiba haifai kuzuiwa, na katika muda wangu hatukuizuia hata mara moja. Mengine yote, mtu aje kwanza tumwone uso.

Mkazi wa Mikindani

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, na hilo la dhamana limeniingia. Ila naomba nikuulize mikutano yenu mliiitisha saa ngapi.

Huku kwetu huitishwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwa sababu mtendaji anataka amalize mapema. Sasa anayeishi pwani anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, saa nne hadi saa tano za asubuhi ndizo maji yanapokupwa kabisa. Saa hiyo akina mama wako kwenye miamba na ndoo na vyuma vyao wanatafuta pweza na chaza, na siku hizo ni chache tu kwa mwezi. Kumwambia mwanamke wa Mikindani aache maji yaliyokupwa aje kukaa kwenye benchi ni sawa na kumwambia mwalimu aache darasa siku ya mtihani. Halafu jina lake linaandikiwa "hakuhudhuria" na mtu ambaye jioni ile ile atamnunua pweza wake.

Jambo la pili nalisema kwa tahadhari, maana najua litawaudhi wengine. Viongozi wetu wanajua vizuri sana mahali pa kuwapata watu. Tukiwatoa wanawali unyagoni wapo, tena wanapewa kiti cha mbele. Kwenye maulidi wapo. Fainali ya mpira wa mtaa wanakabidhi jezi na kupiga picha. Kote huko wanapewa nafasi ya kusema neno, na neno lao ni lile lile la kutushukuru kwa mshikamano. Sijaona hata mara moja mtu amekuja na karatasi ya mapato na matumizi akaisoma pale, dakika tano tu, kabla ngoma haijaanza. Wanaotukuta kwenye ngoma hawawezi kusema kwamba hawatujui.

Mkulima, Newala

Mimi nipo kijijini, na wachangiaji wa mjini mnachanganya mambo mawili. Halmashauri ya kijiji, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo kijiji kikitaka kumtoza faini asiyeshiriki kazi ya maendeleo, njia ipo, japo ni ndefu. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo hata kidogo; sheria ndogo za mjini hutungwa na halmashauri yenyewe. Huyo mwenye daftari la wino mwekundu hakuikiuka sheria ndogo yoyote, kwa sababu hakuwa nayo. Alijitungia.

Siungi mkono, hata hivyo, kwamba watu waachwe tu. Sisi tumeweka faini na inafanya kazi, kwa sababu anayetozwa anapewa stakabadhi na anajua kifungu. Ninachokiogopa ni kurudi kule tulikotoka. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka jinsi baba alivyokuwa analala kwenye mikorosho, kwenye kibanda cha shambani, siku mgambo walipokuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza risiti. Baba hakuwa mkaidi. Aliitwa mkaidi kwa sababu korosho zilikuwa hazijanunuliwa.

Nendeni pia kwenye mnada wa korosho mkaone mahudhurio. Hakuna anayepitisha kipaza sauti mara tatu. Watu wanajazana kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, wanasikiliza bei za wanunuzi zikisomwa moja baada ya nyingine, wanauliza makato ya kila kilo yanakwenda wapi, na bei isipowaridhisha wanaikataa na mnada unavunjika. Wale wale mnaosema hawapendi mikutano wanasimama juani kwa muda wa saa tatu, kwa sababu pale wanasomewa namba na neno lao la hapana linahesabiwa.

Mwananchi, Lindi

Nina neno fupi tu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara hawakuhitaji kuitwa. Bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa tarehe 22 Mei, suala la bomba la gesi kwenda Dar es Salaam liliwatoa watu barabarani, na yaliyofuata kila mmoja wetu anayakumbuka kwa namna yake. Kiongozi anayeona mabenchi matupu akadhani watu hawana la kusema anajidanganya. Wanalo, hawaoni faida ya kulisemea hapo.

Mtoa hoja, Mtwara mjini

Nimewasoma wote, na nianze na mzee, kwa kuwa yeye ndiye aliyenisogeza. Nakubali kwamba barua ya dhamana ni jambo jingine. Pale mwenyekiti anaweka shingo yake, na mtu hawezi kulazimishwa kumdhamini asiyemjua, iwe amechanga au hakuchanga. Basi tuzitenganishe: barua ya makazi itolewe kwa kila anayeishi mtaani, na ile ya kumdhamini mtu ibaki katika hiari ya anayedhamini. Lakini mzee wangu, methali yako inamhusu aliyekosa sahani kwa kuchelewa karamu. Haimhusu mtu aliyekosa uthibitisho kwamba anaishi katika nyumba aliyozaliwa. Na wale thelathini unaowataja, walipopitisha kiwango cha mchango wa choo, walipitisha kwa niaba ya watu wangapi? Akidi ikiulizwa tunaambiwa tusichelewesheni maendeleo. Mchango usipolipwa tunaambiwa ulipitishwa na mkutano halali.

Ndugu wa Newala amenisahihisha kuhusu kijiji na mtaa, nami nimepokea. La stakabadhi ndilo ninaloendelea kulifikiria, kwa sababu sikuwaeleza mwisho wa kisa. Mama yule alilipa. Alifungua pindo la khanga, akahesabu noti za pweza zilizokunjwa ndogo ndogo, akalipa vyote viwili, na muhuri ukagongwa hapo hapo, kile kisanduku cha mahudhurio kikasahauliwa kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Alipoomba stakabadhi akajibiwa kwamba kitabu kimekwisha, arudi wiki ijayo. Amerudi mara mbili.

Mkutano wa mtaa wetu umetangazwa Jumapili hii, saa kumi jioni. Nimeangalia mwezi: siku hiyo ni bamvua, na saa kumi maji yatakuwa yamejaa, kwa hiyo wavua pweza hawana udhuru. Mama amesema atakuja, atakaa benchi la mbele, na swali lake ni moja tu, la kile kitabu.