Hill House haikuhitaji zimwi la kompyuta: malalamiko yangu kuhusu riwaya za kutisha zinazoharibiwa na filamu

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia vya kutosha. Juzi niliirudia The Haunting ya mwaka 1999, ambayo Jan de Bont aliiongoza kutokana na riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959, The Haunting of Hill House, nikitumaini kwamba pengine ni ujana tu ulionifanya niichukie mara ya kwanza. Haukuwa ujana. Wadogo zangu, ambao umeme ukikatika usiku hawathubutu kwenda chooni peke yao, waliangua kicheko zimwi lilipojitokeza, na mmoja wao akalala kabla filamu haijaisha.

Kinachoniudhi ni kwamba riwaya yenyewe ilikwisha kuwaonyesha njia. Eleanor, mhusika wake mkuu, ana umri wa miaka 32, na miaka 11 ya maisha yake imeishia katika kumuuguza mama yake. Usiku ambao mama aligonga ukuta akiomba dawa, Eleanor hakwenda. Labda hakusikia, labda alisikia akalala tena, na hata yeye mwenyewe hana hakika. Sasa yumo ndani ya Hill House, nyumba inayosemekana kuwa na mizimu, usiku wa manane, vishindo vinasikika, na akiwa bado na usingizi anadhani ni mama anamwita. Hapo ndipo mwili unaposisimka, kwa sababu msomaji hajui tena kama anaiogopa nyumba au anaiogopa dhamiri ya mwanamke huyu. Ukiiondoa hatia hiyo, vishindo vinabaki kuwa kelele za seremala.

Mwongozaji Robert Wise alilielewa jambo hili alipoigeuza riwaya hiyohiyo kuwa filamu mwaka 1963. Alikuwa amefanya kazi chini ya Val Lewton, mtayarishaji wa filamu za kutisha, katika studio ya RKO miaka ya 1940, mahali ambapo fedha zilikuwa chache na kivuli kilipaswa kufanya kazi ya jini. Filamu yake ni nyeusi na nyeupe, wala haionyeshi mzimu hata mmoja: tunaona wanawake wawili waliokumbatiana kwa hofu, tunasikia vishindo vikikaribia, kisha kitasa kinazungushwa taratibu na mtu asiyeonekana. Baadaye mlango mzito wa mbao unavimba kuelekea ndani kana kwamba nyumba inavuta pumzi.

Miaka 36 baadaye tukaletewa vinyago vya mbao vinavyogeuza macho na Hugh Crain mwenyewe, yule aliyeijenga nyumba, mkubwa kama kontena, akinguruma. Tena wakamtungia kisa cha kuwatesa watoto, ili Eleanor apate kuwa mwokozi wa roho zao. Katika riwaya, Eleanor analielekeza gari lake kwenye mti na katika nukta ya mwisho anajiuliza kwa nini anafanya hivyo. Filamu inampandisha mbinguni!

Usidhani ni kosa la filamu moja. The Woman in Black ya Susan Hill, ya mwaka 1983, inamwacha msimulizi hai baada ya kufiwa na mke na mtoto, akiandika kwa uchungu mambo ambayo angependa kuyasahau. Filamu ya mwaka 2012 inawaua baba na mwana pamoja kwenye reli, kisha inawakutanisha na mama marehemu ili tutoke tumefarijika. Nani aliomba faraja? Na kabla ya hapo tumeshapigiwa kelele za ghafla zisizo na idadi. Kelele ya ghafla humshtua hata kuku. Kushtuka na kuogopa ni mambo mawili tofauti.

Najua wapo watakaosema kwamba riwaya za namna hii hazifai kwa filamu, kwa kuwa hofu yote imo kichwani mwa mhusika. Nawaomba walitazame onyesho la mkono katika filamu ya Wise. Eleanor yumo gizani, anasikia sauti ya mtoto anayeteswa, naye anaubana mkono wa Theo, mwanamke anayelala naye chumba kimoja, kwa nguvu zake zote hadi anapiga ukelele. Taa inawashwa, na Theo yuko kitandani kwake, upande wa pili wa chumba. Onyesho zima limejengwa kwa giza, uso mmoja, sauti, na umbali kati ya sehemu mbili za kulala. Mkono ule ulikuwa wa nani, Wise hakutuambia, nami hadi leo silali mkono wangu ukiwa nje ya shuka.