Mrushaji chipukizi: umtoe upate nyota au umng'ang'anie? Sale, Archer na Smoltz

Mwenge_Boston
Wakuu, wapenzi wa besiboli humu ni wachache lakini tupo. Kila Julai inapokaribia kwisha hoja ni ileile: timu inautaka ubingwa mwaka huu, klabu yenye nyota inataka ilipwe kijana mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) mwenye mkono wa moto ambaye bado yuko ligi ndogo. Umtoe, au utoe mpigaji badala yake?

Napendekeza tupime kwa biashara zilizokwisha kuiva. Desemba 2016 Boston Red Sox walimchukua Chris Sale kwa White Sox, wakatoa Yoan Moncada (mpigaji), Michael Kopech (mrushaji) na vijana wengine wawili. Julai 2018 Pirates walimtaka Chris Archer wa Tampa Bay Rays, wakatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na "mchezaji atakayetajwa baadaye", ambaye mwezi uliofuata akawa Shane Baz. Ya zamani ni Agosti 1987: Detroit walimpata mkongwe Doyle Alexander, Atlanta wakapewa mtoto wa miaka 20 aitwaye John Smoltz.

Msimamo wangu: mrushaji na mpigaji wakiwa na sifa sawa kwenye karatasi, toa mrushaji. Mkono unavunjika.

Kaka_Ubungo
Mkuu, kwa Smoltz umejifunga mwenyewe. Kushinda mechi 213, kuokoa 154 (kuingia mwishoni na kulinda ushindi), tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora 1996, Hall of Fame (ukumbi wa heshima) 2015. Huyo ndiye wa kutoa?

Mwenge_Boston
Tazama na upande wa pili, kaka. Alexander alifika Detroit akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, akiruhusu wastani wa mikimbio (pointi) 1.53 kwa kila inningi 9, yaani vipindi vya mechi nzima. Detroit waliipiku Toronto kwa mechi mbili tu wakatwaa divisheni yao. Bila yule mzee hawafiki. Kwamba Minnesota waliwatoa hatua iliyofuata ni habari nyingine. Na huyo Smoltz wako naye alipasuliwa kiwiko, msimu wote wa 2000 hakurusha mpira.

Binti_Nyali
Samahani, mimi ni wa kandanda. Kwa nini klabu itoe vijana wakati inaweza kulipa pesa?

Mzee_wa_Inningi
Dada, huku pesa ya uhamisho kama ya Ulaya haipo, mchezaji hulipwa kwa mchezaji. Halafu kuna jambo linalompa kijana thamani kuliko kipaji chenyewe: akishapanda ligi kuu, klabu inammiliki takribani misimu sita kabla hajawa huru kujiuza. Mitatu ya kwanza mshahara unakuwa karibu na kima cha chini, mitatu ya mwisho mshahara unaweza kuamuliwa kwa usuluhishi. Kwa hiyo anayetoa chipukizi anatoa miaka sita ya kazi ya bei rahisi. Ndiyo maana mabishano yanakuwa makali.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Umepima mkono kuvunjika, hukupima kuchelewa. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Kopech alirusha mpira wa maili 105 kwa saa. Alipanda ligi kuu Agosti 2018, Septemba akahitaji upasuaji wa kiwiko, 2019 hakucheza, 2020 akaamua kukaa nje kwa sababu ya korona. White Sox walianza kumtumia kweli 2021. Msimu wa tano tangu biashara! Na mwishowe akageuka mrushaji wa kuingia mwisho wa mechi, anayerusha inningi moja na kukaa. Sale naye 2017 aliwatoa wapigaji 308 kwa straiki tatu (bila kuupiga mpira vizuri), na 2018 ndiye aliyemmaliza Manny Machado mpira wa mwisho Boston wakichukua World Series, fainali ya ubingwa.

Kaka_Ubungo
Haya, na Archer? Pirates walitoa mikono miwili wakapata hasara tupu. Archer 2019 alishinda 3, alipoteza 9. 2020 akapasuliwa, hakucheza kabisa. Glasnow mwaka huohuo akawa mrushaji wa kuanza mechi ya kwanza ya World Series akiwa na Rays.

Mzee_wa_Inningi
Malizia hadithi. Glasnow alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2021, Baz 2022. Kila jina kwenye uzi huu lina kovu. Rays walijua hilo, ndiyo maana hawakukubali mkono mmoja. Walidai mikono miwili na mpigaji mmoja, na Meadows akapiga homurani (mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja) 33 mwaka 2019. Kiwiko kimoja kikigoma bado una cha kula. Kwa anayeuza nyota, swali la "kijana gani bora" linakuja nyuma ya "wangapi".

Mwenge_Boston
Hapo nakubali. Kwa hiyo kosa la Pirates halikuwa kutoa warushaji. Waliachia watatu kwa mtu ambaye takwimu zake zilikuwa zimeshaanza kushuka. Sale alikuwa kileleni, na mkataba wake ulikuwa unaweza kufika 2019 kwa bei poa. Bei ya chipukizi ipimwe na anayekuja, si yeye peke yake.

Binti_Nyali
Nimeanza kuelewa. Mkiambiwa mchague mmoja Desemba ile ya 2016, Kopech au yule Giolito niliyesoma kwamba naye aliuzwa?

Mzee_wa_Inningi
Lucas Giolito, siku moja baada ya Sale, kutoka Washington kwenda White Sox haohao. Washington nao walitoa warushaji watatu kwa Adam Eaton, wakabeba kombe 2019. Mimi ningechukua Giolito: kiwiko chake kilikuwa kimeshapasuliwa 2012 akapona. 2018 alichapwa vibaya, lakini Agosti 2020 aliwanyima Pirates hata hit moja (pigo la kumfikisha mpigaji kituoni) mechi nzima.

Kaka_Ubungo
Pirates tena! Hawa watu wana nini na warushaji?