Wakuu, saa janja ipi nichukue? Nipo Tanga, naombeni ushauri wa haraka

Kijana_Chumbageni: Habari zenu wakuu. Bajeti yangu laki moja na nusu. Duka moja mjini wana tatu: ya kwanza inakaa na chaji wiki nzima, ya pili ina GPS, ya tatu inapima mapigo ya moyo, presha, usingizi na mengine, na haipitishi maji. Mimi naona ya tatu. Kesho asubuhi nina miadi na muuzaji.

Nahodha_Sahare: Maji gani? Yangu imeandikwa 5ATM, mita 50, kumbe ni mgandamizo wa maji yaliyotulia, si kuzamia. Nikitoka kutega madema naisuuza kwa maji ya bomba. Ya kwanza sikuisuuza, chumvi ikagandisha kitufe. Siku yenyewe tulipata changu, acha tu.

Binti_Ngamiani: Simu gani? Apple Watch haikubali Android, na Galaxy Watch kuanzia ya nne ya 2021 haikubali iPhone. Shemeji yangu kaletewa Apple Watch toka Oman, simu yake Tecno. Mwaka wa pili ipo kwenye boksi.

Kijana_Chumbageni: Tecno. Ila si ya kwangu.

Binti_Ngamiani: Ya nani basi? Na hayo "mengine" ni yapi?

Kijana_Chumbageni: Ya mama. Ana sukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Ncha za vidole, pale katikati, zimejaa vidoti vyeusi. Akiona sindano ya kupimia anaficha mkono ndani ya kanga. Hii saa inapima sukari bila kutoboa. Nimeshatoa kianzio elfu hamsini, na nilijaribu mwenyewe ikaleta 5.6. Msinishambulie.

Mzee_wa_Pongwe: Mwanangu, mama haachiwi saa. Kaa naye mle pamoja.

Nesi_Mstaafu: Usimvalishe! Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya kuwa haijaidhinisha saa hata moja ya kupima sukari bila kutoboa ngozi. Taa ya kijani chini ya saa inafuata damu inavyopita, ndiyo mapigo. Ikimwambia sukari ipo juu, 14, naye ana 4 tu, akaongeza insulini, utampoteza. Ifunge kwenye ndizi uone.

Kipanga_Mkuu: Uzi wa kutunga huu. Kianzio, mama, kanga... Huyu ndiye muuzaji, anaitangaza saa yake.

Binti_Ngamiani: Muuzaji gani anajitangaza kwa kusutwa?

Kijana_Chumbageni: Kipanga, mama yangu simtungii hadithi. Ndiyo natoka dukani, nilikwenda na ndizi. Mapigo 72. Sukari 5.6, ile ile. Kianzio amegoma kurudisha, anasema nichague kitu kingine.

Kipanga_Mkuu: Picha ya ndizi?

Kijana_Chumbageni: Nesi, kuna sehemu ya kidole isiyouma sana?

Nesi_Mstaafu: Pembeni ya ncha, si katikati. Anawe maji ya uvuguvugu kwanza, damu ishuke vidoleni, na kila mara mbadilishie kidole.